Wasomaji Wanauliza: Redio ya Intaneti Iliyonyamaza na Maswali Mengine

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji watuulize lolote kuhusu redio za intaneti za nyumbani, yaani zile zinazopokea matangazo kupitia ruta badala ya antena, na barua zimekuja nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu lililompata mwandishi wake linaweza kumpata kila mwenye chombo cha namna hii, na ni wachache wanaoelezwa habari hiyo siku wanapokinunua.

SWALI: Nina redio ya intaneti niliyoinunua zaidi ya miaka kumi iliyopita, na nimeitunza kama mboni ya jicho. Hivi karibuni niliiwasha asubuhi kama kawaida yangu, ikaandika kwenye skrini kwamba imeshindwa kuipata orodha ya stesheni. Waifai ya nyumbani ni nzima, maana simu yangu inafungua kila kitu. Fundi ameifungua, akapima, akasema hakuna kilichoungua. Je, niitupe?
Mstaafu asiyekata tamaa

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Tafadhali usiitupe. Fundi wako amesema kweli: kilichoharibika hakimo ndani ya chombo chako, ndiyo maana hakukiona.

Redio ya kawaida hunasa mawimbi yaliyopo hewani, na maadamu mnara wa stesheni bado unarusha matangazo, hata redio ya miaka hamsini iliyopita itayapokea. Redio ya intaneti haifanyi hivyo. Ndani yake mna kompyuta ndogo ambayo, kila unapochagua jina la stesheni kwenye skrini, huenda kwanza kuuliza kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine mtandaoni, ya kampuni inayotunza orodha ya stesheni za dunia ili iambiwe stesheni ile inapatikana katika anwani gani. Ikishajibiwa, huifuata anwani hiyo mpaka kwenye seva ya stesheni yenyewe na kuanza kuchota sauti. Usikilizaji wako, kwa hiyo, umeshikiliwa na pande tatu: mtandao wa nyumbani, mtunza orodha, na stesheni. Huyo mtunza orodha ndiye ambaye mwenye redio huwa hajui hata kwamba yupo, mpaka siku anapofunga kazi.

Na wamefunga kazi mara nyingi. Mwaka 2000 kampuni changa ya Marekani iitwayo Kerbango ilionyesha mojawapo ya redio za kwanza za intaneti za kukaa mezani. Mwaka huohuo ikanunuliwa na 3Com, na mwaka 2001 mradi wote ukafutwa. Mwaka 2021 huduma ya Reciva, iliyokuwa ikizilisha orodha redio za chapa nyingi tofauti, ilizimwa, na vyombo vizima kabisa vikabaki mikononi mwa wenyewe vikiwa havijui pa kwenda. Logitech iliacha kutengeneza redio zake za Squeezebox mwaka 2012 lakini ikaendelea kuiendesha seva yake hadi mwaka 2024. Waliokuwa na Squeezebox walipata nafuu moja kubwa: programu ya seva ilikuwa wazi kwa umma tangu zamani, na watu wa kujitolea wanaiendeleza mpaka leo kwa jina la Lyrion Music Server, kiasi kwamba mtu anaweza kuiweka kwenye kompyuta yake mwenyewe na redio ikaendelea kuimba.

Sasa tuchunguze yako. Bonyeza kitufe kimojawapo cha stesheni ulizozihifadhi. Ikiwa stesheni hiyo inasikika ilhali orodha haifunguki, basi mtandao ni mzima na tatizo ni la mtunza orodha peke yake. Ikiwa hakuna kinachosikika, bado usikate shauri, kwa kuwa redio nyingi hazihifadhi anwani nyuma ya vitufe vyake. Huhifadhi namba tu ya stesheni kwenye orodha, na orodha ikipotea namba ile inakuwa haina maana. Angalia pia saa na tarehe inayoonyeshwa. Redio iliyopoteza tarehe yake huweza kukataa kuwasiliana na seva salama, kwani vyeti vya usalama vya seva hupimwa kwa tarehe, na wakati mwingine kurekebisha saa hurudisha kila kitu.

Hatua ya pili ni kutafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji kama kuna sasisho la programu ya redio yako, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji walihamia kwa mtunza orodha mwingine na chombo kinahitaji kuelekezwa upya. Likikosekana, zipo njia za mkono. Kwa vyombo vilivyokuwa vikitumia orodha ya vTuner kuna programu ya bure iitwayo YCast ambayo, ikiwekwa kwenye kompyuta ndogo ya nyumbani, hujibu maswali ya redio mahali pa seva ya zamani, na stesheni unaziandika wewe mwenyewe. Hapo itabidi umpate kijana anayeelewa mambo ya mtandao, lakini ni kazi ya mchana mmoja tu. Redio yako ikiwa na uwezo wa kusoma muziki kutoka kwenye kompyuta ya nyumbani kwa njia ya UPnP, yaani utaratibu wa vyombo vya nyumba moja kutambuana na kupeana muziki, kompyuta hiyo inaweza kuzipokea stesheni na kuipelekea. Na hata yote hayo yakishindikana, tazama nyuma ya chombo: ikiwa pana tundu la kuingizia sauti, waya mmoja kutoka kwenye simu ya zamani utaifanya spika nzuri ya sebuleni kwa miaka mingine mingi. Nimeona redio zikitupwa jalalani zikiwa na spika bora kuliko za vyombo vilivyokuja kuchukua nafasi zake, na jambo hilo huniuma.

SWALI: Mume wangu anasema redio hii ndiyo inayomaliza bando letu la mwezi, nami nasema ni video za watoto. Nasikiliza kama saa tano kwa siku. Tafadhali tuamulie kwa hesabu.
Mama wa nyumba ya ubishi

JIBU: Dada yangu, hesabu yenyewe ni nyepesi, ila yahitaji kwanza kujua kasi ya mkondo wa sauti wa stesheni unayoisikiliza. Redio nyingi huionyesha ukibonyeza kitufe cha maelezo wakati stesheni inasikika. Tuchukue kasi iliyozoeleka sana ya kilobiti 128 kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo redio inapokea kilobaiti 16 kila sekunde, na kwa saa moja, yenye sekunde 3,600, inapokea takribani megabaiti 58. Saa tano ni megabaiti 288, na kwa siku thelathini inakaribia gigabaiti 8.6. Stesheni inayorusha kwa kilobiti 320 itakula gigabaiti 21.6 kwa usikilizaji uleule, na inayotumia kilobiti 48 itakula gigabaiti 3.2 tu.

Mumeo, basi, hakukosea kabisa, ingawa video, hata ya ubora wa wastani, hutumia data mara nyingi zaidi ya sauti kwa saa moja. Ikiwa bando lenu lina kikomo, tafuteni kama stesheni yenu inatoa mkondo wa pili wa kasi ndogo. Zipo nyingi zinazotoa, na mara nyingi huonekana kwenye orodha kama jina lilelile lililorudiwa. Msiogope namba ndogo. Aina ya sauti ina uzito sawa na kasi yake: mkondo wa HE-AAC, njia ya kubana sauti iliyo mpya kuliko MP3, wa kilobiti 48 au 64 husikika vizuri kwenye redio ya jikoni, ilhali MP3 ya kasi hiyohiyo ingesikika kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

Naomba mzingatie jambo moja zaidi, kwa kuwa ndilo hasa linalomaliza data katika nyumba nyingi. Kupunguza sauti hakupunguzi matumizi. Redio iliyonyamazishwa kwa kitufe cha sauti mpaka sifuri inaendelea kuchota data ileile, usiku kucha ikiachwa hivyo. Izimeni kwa kitufe cha kuwashia, na mwombe kila mtu nyumbani afanye hivyo. Vilevile redio mbili zinazocheza stesheni moja katika vyumba viwili huchota mara mbili, maana kila moja inaletewa nakala yake kutoka kwenye seva. Hazigawani kama zinavyogawana wimbi la hewani.

SWALI: Nikisikiliza mpira kwenye redio ya intaneti, jirani mwenye redio ya FM hushangilia goli kabla sijalisikia, ingawa stesheni ni ileile. Je, redio yangu ni mbovu, au intaneti yangu ni ya polepole?
Shabiki anayechelewa

JIBU: Si mbovu wala si polepole, kaka. Wimbi la FM husafiri kwa kasi ya mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo humfikia jirani yako papo hapo. Sauti ya intaneti hubanwa kwanza, hukatwa vipande, hupitia seva kadhaa, kisha redio yako hukusanya akiba ya sekunde kadhaa kabla ya kuanza kucheza ili mtandao ukisita kidogo usisikie mkatiko. Akiba hiyo ndiyo inayokuchelewesha, na bila yake usingevumilia kusikiliza. Stesheni zinazotumia HLS, njia iliyobuniwa na Apple mwaka 2009 na ambayo hupeleka sauti kama mafaili mafupi yanayofuatana, zinaweza kuchelewa hata zaidi ya nusu dakika. Kuongeza kasi ya intaneti hakutaliondoa hilo. Kwa sababu hiyohiyo usirekebishe saa yako kwa milio ya saa kamili unayoisikia kwenye redio ya intaneti. Kwa ajili ya mpira, ikiwa redio yako ina FM ndani yake kama zilivyo nyingi, hamia huko kwa dakika tisini.

SWALI: Mama yangu ana umri mkubwa na macho yake yamefifia. Alikuwa akisikiliza redio siku nzima, lakini stesheni anayoipenda haisikiki tena kwa antena mahali anapoishi, ila ipo kwenye intaneti. Nataka kumnunulia redio ya intaneti. Nichague ipi ili asinipigie simu kila siku kuuliza namna ya kuitumia?
Binti wa mbali

JIBU: Swali lako limenifurahisha, kwa kuwa ni kwa watu kama mama yako redio hizi zina faida kubwa kuliko kwa mwingine yeyote. Mtu mwenye simu janja na macho mazuri anaweza kuipata stesheni ile kwa njia kumi. Mama yako anahitaji njia moja tu, ila iwe ileile kila siku.

Usianze na ubora wa sauti wala idadi ya stesheni. Redio inayojivunia stesheni maelfu kwa maelfu haimsaidii anayezitaka nne. Anza na vidole vyake. Atahitaji kitufe halisi cha kuwasha kinachobonyea na kusikika, kirungu cha sauti kinachozungushwa, na vitufe vya stesheni vilivyo juu ya chombo, kila kimoja kwa stesheni moja bila kupitia skrini. Baadhi ya redio zina kitufe kimoja tu cha stesheni zilizohifadhiwa, ambacho hufungua orodha kwenye skrini. Hiyo mwachie mtu mwingine. Kioo cha kugusa nacho ni adui wa macho yaliyofifia, kwa sababu kidole hakipati mahali pa kushika. Ukishaipata, bandika tone la gundi ngumu au kipande cha kitambaa kwenye kitufe cha stesheni anayoipenda kuliko zote, apate kukijua kwa kupapasa.

Kisha ijaribu kwa namna ambayo wauzaji hawaijaribu. Ikiwa inacheza, chomoa waya wa umeme ukutani, subiri dakika moja, uchomeke tena. Redio nzuri kwa mzee itarudi yenyewe kwenye waifai, na ukibonyeza kitufe cha kuwasha, itacheza stesheni ya mwisho. Redio inayorudi na kuuliza lugha, nchi na nywila si yake, hata ikisifiwa vipi. Jaribu pia kuzima ruta na kuiwasha, kwa kuwa umeme ukikatika vyote viwili huzimika, na redio huwaka kabla ya ruta kuwa tayari. Inatakiwa iendelee kutafuta mpaka iipate.

Mtandao wa nyumbani kwake uandae kabla hujaipeleka redio. Usibadilishe jina wala nywila ya waifai baada ya hapo bila kuwa na mtu wa kwenda kuiandika upya kwenye chombo. Kama ruta na redio vinaweza kuwa karibu, na redio ina tundu la waya wa mtandao, tumia waya. Matatizo mengi utakuwa umeyazuia. Ukilazimika kutumia waifai, kumbuka kwamba redio nyingi, hasa za bei nafuu, husoma masafa ya gigahezi 2.4 tu, kwa hiyo ruta isiwekewe ya gigahezi 5 peke yake. Masafa hayo ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ndiyo yanayotumiwa pia na oveni ya maikrowevu, nayo ikiwa karibu itaikatakata sauti kila inapowashwa. Msomaji mwingine ameandika akisema redio yake ya jikoni hukwama kila siku saa za mlo. Ninaamini jibu lake ni hilohilo, na aijaribu redio upande mwingine wa chumba.

Neno la mwisho kwako, dada: weka stesheni zake wewe mwenyewe, nne au tano, uziandike kwenye karatasi kwa mpangilio wa vitufe, nakala moja ubaki nayo. Siku atakapopiga simu utaweza kumwambia abonyeze cha tatu kutoka kushoto, nawe ukajua anachosikia.

SWALI: Baadhi ya stesheni huniambia kwamba hazipatikani katika nchi niliyopo, na nyingine hunyamaza wakati wa mechi tu. Nilidhani intaneti haina mipaka.
Msikilizaji wa mbali

JIBU: Mwanzoni haikuwa nayo. Stesheni ya WXYC ya chuo kikuu kule Chapel Hill, Marekani, ilipoanza kurusha matangazo yake ya kawaida kupitia intaneti tarehe 7 Novemba 1994, yeyote mwenye vifaa aliweza kuisikiliza popote alipo. Mipaka ililetwa na haki za muziki na za michezo, ambazo huuzwa nchi kwa nchi. Stesheni hutambua nchi yako kwa namba ya mtandao wako na kufunga mlango pale ambapo haki zake zinaishia. Wakati mwingine anayefungiwa ni mtunza orodha: nchini Uingereza, mahakama iliamua mwaka 2019 kwamba TuneIn ilikuwa imekiuka haki za wenye muziki kwa kuwafikishia wasikilizaji wa huko stesheni za kigeni zisizo na leseni ya Uingereza, na mwaka uliofuata stesheni nyingi mno za nje zikaondolewa kwao kwenye huduma hiyo. Hapo redio yako haina kosa. Jaribu kuitafuta stesheni hiyo kwenye tovuti yake yenyewe. Ikiwa huko inasikika, kilichozuiwa ni orodha tu, nawe unaweza kuiingiza anwani yake kwa mkono.

SWALI: Nimepewa anwani ya mkondo wa stesheni inayoishia na m3u8, lakini redio yangu haiipokei. Nyingine ya stesheni hiyohiyo inayoishia na mp3 inafanya kazi. Tofauti ni nini, na je, nikinunua redio mpya nitajuaje kwamba itadumu?
Mwanafunzi wa ufundi

JIBU: Anwani inayoishia na mp3 kwa kawaida ni mkondo wenyewe, mmoja usiokatika, ambao karibu kila redio inauelewa. Inayoishia na m3u au pls ni faili dogo la maandishi lenye anwani ya mkondo ndani yake. Ukilifungua kwa programu ya kuandikia utaiona. Lakini m3u8 ni ya HLS, ile niliyomweleza shabiki wa mpira hapo juu, na redio za zamani hazina programu ya kuunganisha vipande vyake. Tatizo hili linazidi kukua kwa sababu stesheni kubwa zinahamia huko: mwanzoni mwa mwaka 2015 BBC ilizima mikondo yake ya Windows Media, njia ya zamani ya Microsoft ya kurusha sauti, na redio nyingi zilizokuwa zikiitegemea zikanyamaza. Kuna pia anwani zinazoanza na https, ambazo redio nyingi za zamani haziwezi kuzifungua kwa kuwa hazijui mapatano mapya ya usalama.

Kuhusu kudumu, nakushauri uulize maswali manne kabla ya kununua, na usikubali jibu la kukisia. Je, redio inasoma HLS na https? Je, inapokea anwani niliyoiandika mwenyewe? Je, anwani hiyo inahifadhiwa ndani ya chombo, au kwenye akaunti iliyo kwenye seva ya kampuni? Na orodha inatunzwa na nani? La tatu ndilo wengi wanalolisahau. Unaweza kulijaribu mwenyewe nyumbani: hifadhi anwani ya mkondo kwenye kitufe, ingia kwenye mipangilio ya ruta na uzuie jina la seva ya mtunza orodha, kisha uwashe redio upya na ubonyeze kitufe kile. Ikicheza, una redio isiyomtegemea mtu wa katikati.

Anwani zenyewe unaweza kuzipata kwenye tovuti za stesheni, au kwenye radio-browser.info, orodha ya wazi inayojazwa na wasikilizaji wenyewe na ambayo yeyote anaruhusiwa kuinakili. Ziandike kwenye daftari au faili lako mwenyewe, pamoja na kasi ya kila mkondo na tarehe uliyoujaribu, kisha uzipitie kila baada ya miezi michache, maana stesheni huhamisha seva zao bila kumwarifu msikilizaji.